Geuza Boksi Kabla Hujatoa Pesa!

Orodha umeshaiandika. Iko kwenye simu yako. Umeisoma alfajiri, umeisoma kazini, utaisoma tena usiku huu kabla ya kulala.

Juu kabisa kuna kadi ya michoro ya kuchezea gemu. Inafuata prosesa. Linafuata kasha la kioo lenye feni nne za kuwaka rangi. Na huko chini, mstari wa mwisho, umeandika neno moja tu: pawasaplai. Hukuandika jina lake. Hukuandika wati zake. Hukuandika bei yake. Moyoni umesema, "Hiyo nitachukua yoyote."

Ndugu yangu, simama! Simama hapo hapo ulipo, kabla hujashuka Kariakoo, kabla hujapanda ngazi za maduka ya Luthuli, kabla hujamhesabia muuzaji noti zako!

Kweli unaijua: pawasaplai si ya kuchukua yoyote. Fundi alikwambia. Rafiki yako alikwambia. Ile mashine ya jirani iliyonuka moshi ilikwambia. Ulitikisa kichwa, ukakubali, kisha ukarudi kuangalia picha za kasha la kioo.

Mimi nililipia ukaidi huo. Mashine yangu ya kwanza niliijenga kwa fedha nilizodunduliza miezi minane. Nilibana kwenye pawasaplai ili nipate taa. Muuzaji akaniwekea boksi jepesi lenye maandishi makubwa, nikalipa, nikashukuru, nikaondoka nikitabasamu.

Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa nguvu. Pa! Mlio mmoja mkavu, kama ukuni mbichi unaopasuka mekoni. Kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba. Pawasaplai ilikufa, na haikufa peke yake. Iliondoka na mazabodi. Iliondoka na diski. Iliondoka na picha zote za harusi ya dada yangu. Feni zangu za rangi nazo zikazima kama zisizowahi kuwaka.

Je, nawe unataka kufundishwa hivyo?

Fikiri! Ukutani una volti 230 au 240, tena zinapanda na kushuka zitakavyo. Ndani ya kompyuta kuna vipande vinavyotaka volti 12, volti 5 na volti 3.3, basi. Kati ya ukuta na vipande hivyo amesimama mlinzi mmoja. Mlinzi huyo ndiye uliyemwandika mwisho! Ndiye uliyemnyima bei! Ndiye uliyesema awe yeyote!

Kwa hiyo nakusihi: ukifika dukani, geuza boksi. Usisome mbele, mbele wameandika wanachotaka uone. Mwambie muuzaji alifungue. Itoe pawasaplai. Tafuta ile lebo yenye jedwali dogo lililobandikwa kwenye bati. Shusha kidole mpaka kwenye volti 12. Soma ampea. Zidisha.

Mbele wameandika wati 600. Kwenye jedwali unakuta ampea 18. Kumi na nane mara 12 ni 216. Wati 216! Hizo ndizo zitakazofika kwenye prosesa na kadi yako, maana vyote viwili vinakula kwenye volti 12. Ile ya kweli ya wati 500 itakuonyesha ampea 38 au 40 kwenye mstari huo huo. Hesabu ni ya darasa la nne, na simu ya kukokotolea unayo mkononi. Utajitetea kwa lipi?

Ipime kwa mkono. Ikiwa nyepesi kama boksi la viatu lililo tupu, jiulize ndani wametoa nini. Tafuta alama ya 80 PLUS, kisha usiiamini kwa macho: alama huchapwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Chukua namba ya modeli, iangalie kwenye orodha ya 80 PLUS ya zilizopimwa, iko wazi mtandaoni. Na ukiona kwa nyuma kiswichi chekundu cha 115 na 230, hakikisha kimesoma 230 kabla hujachomeka. Kikiwa kwenye 115, mlipuko utauona siku hiyo hiyo!

Unasema, "Mimi ni mtu wa kipato kidogo, vya bei siviwezi." Ndiyo maana nakupigia kelele! Mwenye nacho akiunguza, kesho atanunua tena. Wewe utanunua mara moja. Wewe ndiye usiyeweza kukosea!

Tena sikiliza habari njema. Wati 600 huzihitaji. Chukua prosesa yenye michoro ndani yake, mfano Ryzen 5 5600G: viini 6, imepangiwa wati 65, inafanya kazi za ofisi, inahariri picha, inacheza gemu nyepesi bila kadi yoyote. Mashine nzima ya namna hiyo haifiki wati 200. Pawasaplai ya kweli ya wati 450 inaitosha, na akiba inabaki. Ukweli una bei unayoiweza. Unaokushinda ni uongo, kwa sababu utaulipia mara mbili!

Basi futa kadi kwenye orodha ya leo. Kadi inaweza kungoja mwaka. Taa zinaweza kungoja mwaka. Kasha la kioo linaweza kungoja mpaka wajukuu! Mlinzi hangoji hata usiku mmoja.

Fedha uliyookoa ipeleke panapostahili. Nunua ramu mbili za GB 8, usinunue moja ya 16, maana prosesa yenye michoro ndani huazima ramu hiyo hiyo, na vijiti viwili huifungulia njia mbili badala ya moja. Nunua esesdi, programu zisikukalishe ukingojea. Linganisha soketi: prosesa hiyo hukaa kwenye AM4 na hula DDR4, wala DDR5 haitaingia hata ukiisukuma. Na ukienda upande wa Intel, soma mpaka herufi ya mwisho! Core i3-12100 inaonyesha picha. Core i3-12100F, bila kadi, itakuachia kioo cheusi. Herufi moja imewakalisha wengi gizani.

Najua unachosema sasa. "Nitaanza na hii ya bei rahisi, nitabadilisha baadaye." Baadaye lini? Mwezi ujao kuna kodi. Mwezi wa pili kuna ada. Mwezi wa tatu kuna msiba kijijini. Na umeme haukusubiri wewe ujipange: unakatika leo, unarudi leo, unapiga leo! Majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nimemlea.

Pesa bado iko mfukoni. Boksi bado liko rafuni. Mlango wa kurudi bado uko wazi, na utafungwa dakika utakayopokea risiti.

Kwa hiyo usingoje kesho, usingoje mshahara, usingoje kumaliza kusoma ukurasa huu. Toa simu. Fungua orodha. Shuka mpaka ule mstari wa mwisho, lile neno moja ulilolitupa chini bila jina, bila wati, bila bei.

Lifute. Kisha panda juu kabisa, uliandike tena la kwanza, na mbele yake uandike ampea!