Mwenye Nguvu na Mwaminifu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Usiku mmoja katika darsa yetu, baada ya sala ya Magharibi, kijana aliuliza: "Maalim, mtu ampaye kura asiyekuwa wa kwao, je, huwa hakuuza nafsi yake?" Wengi waliohudhuria walionekana kukubaliana naye. Twaona swali hili lastahili jibu refu kuliko lililotolewa usiku ule, kwani neno "wa kuja" lajulikana mno katika miji yetu ya pwani, na uchaguzi ukikaribia hunolewa kama kisu.

Tuanze na Qur'ani Tukufu. Nabii Musa alipofika Madyan alikuwa mkimbizi, hana jamaa wala mali. Aliwakuta mabinti wawili wakingoja kando mpaka wachungaji waondoke kisimani. Akawanyweshea wanyama wao, kisha akaenda zake kivulini bila kudai ujira. Mmoja wao alipomshauri baba yake amwajiri, hakutaja ukoo wala mji wa mgeni yule. Alitaja mambo mawili tu: kuwa ana nguvu, na kuwa ni mwaminifu. Hicho ndicho kipimo tulichofunzwa.

Sasa tuitazame mitaa ya mashariki ya Nairobi: Pumwani, Kaloleni, Ziwani, Bahati na mingineyo. Huko Pumwani ndugu zetu Waislamu wamekaa tangu miaka ya 1920, mlango kwa mlango na watu wa makabila mengine. Februari 1961 watu wa jimbo la Nairobi Mashariki walichagua mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Wengi wa wapiga kura walikuwa Wakikuyu. Mmoja katika wagombea alikuwa Daktari Munyua Waiyaki, Mkikuyu mwenzao; mwingine alikuwa Tom Mboya, Mjaluo. Wadhanio kuwa kura hufuata damu walimtazamia Waiyaki. Mboya akapata kura zaidi ya 31,000, na Waiyaki hakufikia 3,000.

Je, maelfu yale yote yaliuza nafsi zao? Tuangalie waliyoyaona. Aprili 1954, wakati wa hali ya hatari, askari waliizunguka mitaa hiyo, na maelfu ya Wakikuyu wakachukuliwa kizuizini. Chama cha siasa cha Waafrika kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1953, na vyama vya wafanyakazi vikawa katika milango michache iliyobaki wazi. Mboya, kijana aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Mji, akawa katibu wa shirikisho la vyama hivyo, naye akailalamikia serikali wazi juu ya kukamatwa kwa watu ambao hawakuwa wa kabila lake. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, alikuja huku kwetu kuwatetea, na mishahara ikapanda kwa kiasi cha thuluthi. Mwaka 1959 alikuwa mstari wa mbele katika kuwapeleka Marekani kwa ndege wanafunzi 81. Tena alizaliwa katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, akakua akisema Kikikuyu. Basi watu wa mitaa ile walimpima kwa kipimo cha binti wa Madyan: nguvu wameiona, na uaminifu wameuona.

Wala tusimdhulumu Waiyaki. Alikuwa msomi na mzalendo, na baadaye akawa waziri wa mambo ya nje. Kumchagua mmoja si kumtukana mwingine.

Lakini kipimo hiki huvunjika upesi. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, na uhasama wa Wajaluo na Wakikuyu ukawaka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, katika mitaa ya upande ule ule wa mji, kama Mathare na Huruma, jirani alimfukuza jirani. Na nchi nzima ikapoteza watu zaidi ya 1,100. Hapo hapana aliyeuliza tena mtu ana nguvu na uaminifu gani. Liliulizwa jina lake tu.

Atasema msomaji: "Sisi wa pwani tumeonja uchungu wa ardhi, na hofu yetu ina sababu." Ni kweli, wala hatuidharau hofu hiyo. Lakini katika jambo la ardhi, wako wa kuja waliochukua, na wako wenyeji waliotia sahihi. Kipimo cha ukoo humkamata yule wa kwanza na kumwacha wa pili. Kipimo cha uaminifu huwakamata wote wawili.

Tukumbuke Madina. Aus na Khazraj walikuwa wamechinjana miaka mingi, kisha wakapatana chini ya mtu aliyetoka Makka, Mtume wetu (S.A.W.). Siku moja fitina ilitiwa baina yao kwa kukumbushwa vita vya Bu'ath, wakaanza kuitana silaha. Mtume hakungoja waje kwake. Alitoka akawaendea, akasema nao, wakalia na kukumbatiana.

Basi ewe kijana wetu, jibu lako ni hili. Ukimwona jirani yako ampa kura mtu wa mbali, usimwulize amepewa kiasi gani. Mwendee, keti naye barazani, umwulize ameona nini kwa mtu yule. Kisha umsikilize mpaka amalize. Huenda akakuonyesha usilolijua, au wewe ukamwonyesha alilofichwa. Na msipoafikiana, usimkatie salamu, kwani Mtume ametukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu. Wala usiache kulibeba jeneza la nyumba yake. Mjumbe hukaa miaka mitano. Jirani ndiye atakayekuzika.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwapa amana wanaoistahiki, na azipatanishe nyoyo zetu. Amin.