Mtoto Baina ya Nchi Mbili

Kisa cha Mfalme Suleimani kinajulikana na wengi. Wanawake wawili walimwendea wakigombea mtoto mchanga, kila mmoja akidai ni wake. Mfalme akaagiza upanga uletwe, mtoto akatwe vipande viwili, kila mmoja apewe nusu. Yule aliyelia akasema heri mwenzake apewe mtoto mzima ndiye aliyetambulikana kuwa mama wa kweli. Hekima hiyo yastahili sifa. Walakini, msomaji, kazi ya mfalme ilikuwa na wepesi mmoja: mmoja wa wadai wale alikuwa mwongo. Je, angalifanya nini kama wote wawili wangalikuwa wakweli?

Chukua mfano. Mume na mke wameachana mjini Nakuru. Wana msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 6. Mahakama imewapa wote wawili ulezi: siku za shule watoto hukaa kwa mama, mwisho wa juma na nusu ya likizo hukaa kwa baba. Mama ni muuguzi. Mwaka 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi huko, na sasa naye amepata kazi London. Anataka kwenda na watoto. Baba anakataa. Nani ana haki?

Mama ana hoja. Riziki hufuatwa iliko, na watoto watakula katika riziki hiyo. Baba naye ana hoja. Safari ya ndege ni ya saa 8 au 9, na nauli yake ni nzito. Simu husaidia, lakini simu haimshiki mvulana anapojifunza baiskeli, wala haimgusi paji la uso anapokuwa na homa.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 wampa mtoto ambaye wazazi wake wanakaa nchi mbalimbali haki ya kuonana nao wote mara kwa mara, isipokuwa pana sababu kubwa ya kuzuia. Tazama haki imewekwa mikononi mwa nani. Imewekwa mikononi mwa mtoto. Mzazi hana hisa katika mtoto kama mtu mwenye hisa katika shamba. Mzazi ana deni.

Basi swali si nani ashinde, bali deni litalipwaje. Mama akiondoka kwa siri, baba akaja kubisha mlango wa nyumba tupu, aliyeibiwa zaidi ni mtoto. Baba akikataa ili mke aliyemwacha aumie, amemfanya mtoto kuwa fimbo. Kila mmoja na ajiulize: masharti haya ningeyakubali kama ningekuwa mahali pa mwenzangu? Likizo ndefu itakuwa kwa nani, nauli italipwa na nani, simu itapigwa saa ngapi: hayo yaamuliwe mbele ya hakimu kabla ya tiketi kununuliwa. Ikiwa hapana sharti litakalomwachia mtoto baba yake, safari na ingoje.

Na mtoto asikilizwe. Walakini kumsikiliza si kumfanya kadhi. Kumwuliza, "Unaogopa nini, unatumaini nini?" ni heshima. Kumwuliza, "Unampenda nani zaidi?" ni kumpa upanga ajikate mwenyewe.

Pengine, msomaji, wewe ni mmoja wa watoto hao. Kama ndivyo, ujue kwamba ugomvi wao si kosa lako, na kuwapenda wote wawili si hiana. Kama sivyo, huenda siku moja ukawa mzazi, au jirani atakayeombwa shauri. Kumbuka kwamba mama wa kweli hakutambulikana kwa nguvu za kuvuta, bali kwa kile alichokuwa tayari kukiachilia. Palipo na wazazi wawili wa kweli, wote wawili hawana budi kuachilia kitu, ili mtoto abaki mzima.