Deni la Lugha ya Mama

Waandishi wa Nairobi wakikaa pamoja, kuna swali halikosi: ukiandika kwa lugha ambayo nyanya yako haielewi, umemsaliti? Tangu Ngũgĩ wa Thiong'o aache Kiingereza na kuanza kuandika riwaya kwa Gikuyu, tumegawanyika. Wengine wanasema ndiyo, ni usaliti. Wengine wanauliza, kwani mtu ataishi kwa wasomaji wangapi? Mimi nimeufikia upande wangu kwa kuzungukia mbali, kupitia maisha ya mwandishi wa Taiwan, Chung Chao-cheng.

Chung alizaliwa mwaka 1925 huko Longtan, kaskazini mwa Taiwan, katika familia ya Wahakka. Asili ya jamii hii ni Uchina bara, na jina lao lina maana ya kaya za wageni. Lugha ya jamii yake ilikuwa Kihakka. Shuleni ilikuwa Kijapani, kwa sababu Japani iliitawala Taiwan tangu 1895. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Wajapani wakaondoka, serikali ya Uchina ikaingia, na lugha ya shule, ofisi na magazeti ikawa Kichina cha Mandarini. Hebu fikiria: uko na miaka 20, unataka kuwa mwandishi, halafu unaambiwa lugha uliyosomea haina kazi tena. Isitoshe, malaria aliyoipata jeshini ilikuwa imemharibia masikio. Aliingia chuo kikuu mwaka 1948, lakini mihadhara haisikiki, akaacha. Akabaki mwalimu wa shule ya msingi. Alipoanza kuandika, aliandika kwanza kwa Kijapani, kisha akajitafsiri mwenyewe.

Riwaya yake maarufu, Lubinghua, ilitoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1960. Inasimulia mtoto wa wakulima maskini wa chai mwenye kipaji cha kuchora. Nafasi ya mashindano anapewa mtoto wa mkubwa wa kijiji. Yule maskini anaugua na kufa, na tuzo ya kimataifa inafika akiwa kaburini. Jina la riwaya ni la ua la njano lililopandwa kati ya mistari ya chai, kisha likafukiwa liwe mbolea.

Stori ya Wahakka, sawa, lakini imeandikwa kwa Kimandarini. Miaka hiyo shule za Taiwan ziliwaadhibu watoto walioongea lugha za nyumbani: faini, au kibao shingoni. Mkenya hahitaji kuelezwa zaidi, maana hapa pia vibao vimevaliwa. Chung alikuwa mwalimu ndani ya mfumo huo, na akaandika kwa lugha ambayo kibao kile kiliilinda. Je, alisaliti?

Mimi nasema hapana. Kuanzia 1949 hadi 1987 Taiwan ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi. Gazeti gani lingempa nafasi ya riwaya ya Kihakka? Kumdai aandike kwa Kihakka peke yake ilikuwa sawa na kumdai anyamaze, na sioni kunyamaza kwake kungemsaidia vipi mama yake. Isitoshe, hakuingia mlangoni akaufunga. Mwaka 1957 alianzisha kijarida kilichozunguka kwa posta kati ya waandishi wachache wazaliwa wa Taiwan, wakasomeana na kukosoana. Mmoja wao, Chung Li-ho, Mhakka mwenzake, alipofariki mwaka 1960, Chung alikuwa kati ya waliohangaika kazi zake zichapishwe.

Lakini hapo ndipo ninapoachana na wale wanaosema stori inatosha, ati lugha ni chombo tu. Ukisoma Lubinghua utaujua umaskini wa wakulima wa chai. Hutajua mama Mhakka anamwitaje mtoto wake chakula kikiiva. Hilo riwaya ya Kimandarini haiwezi kulibeba, hata iandikwe vizuri namna gani.

Naamini Chung alilijua hili. Desemba 1988 maelfu ya watu waliandamana Taipei wakidai lugha yao, na mwaka 1990 Chung akawa mwenyekiti wa kwanza wa chama cha kutetea mambo ya Wahakka. Mzee wa miaka 65, jina analo, vitabu anavyo, masikio hayasikii vizuri, na bado anakalia mikutano. Kama riwaya zake zingekuwa zimelipa deni lote, alikuwa anatafuta nini huko? Baadaye serikali iliunda idara ya Wahakka mwaka 2001, televisheni ya Kihakka ikafuata mwaka 2003, na sheria ikaitambua lugha yao kuwa ya taifa. Chung alifariki mwaka 2020, akiwa na miaka 95. Na bado, katika nyumba nyingi za Wahakka watoto wanajibu kwa Kimandarini.

Kwa hivyo madeni ni mawili. Moja ni kuwasimulia watu wako. Lingine ni kuiacha lugha yao ikiwa na pumzi. Kulipa la kwanza hakufuti la pili, ila la pili si la mwandishi peke yake, na halilipwi kwa kalamu peke yake. Linalipwa na mzazi jikoni, mwalimu darasani, mhariri anayekubali kusoma mswada wa Kipokomo au Kisuba bila kuuliza utauzwa wapi.

Basi andika kwa lugha inayokutoka. Sitakuita msaliti. Nitakuuliza tu, baada ya kitabu chako kutoka, umefanya nini ili yule anayetaka kuandika kwa lugha ya nyanya yako apate mtu wa kumsoma?