Ladha ya Bia na Swali la Ukweli
Hukumu ya ladha, yaani uamuzi kwamba kitu ni kitamu au kibaya, imewagawa wanafalsafa kwa muda mrefu. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790, aliiweka ladha ya mvinyo katika fungu la mambo yapendezayo tu, ambamo kila mtu ana lake na hakuna wa kumsahihisha mwenzake. Bia ya ngano ya Bavaria, ambayo leo hupikwa hata na baa ndogo zenye mitambo yao na watu majumbani, inaitia hoja hiyo mashakani. Mwonjaji husema ananusa ndizi, mwenzake humcheka kwa kuwa hakuna ndizi iliyotiwa. Kumbe hamira, inapochachua sukari ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, huzalisha isoamili asetati, kemikali ile ile inayonukia katika ndizi mbivu. David Hume, aliyeandika juu ya kipimo cha ladha mwaka 1757, angemuunga mkono mwonjaji huyo, kwani aliamini kwamba hisi hunolewa kwa mazoezi na ulinganishaji. Hata hivyo, kuitambua harufu si kuifurahia, na hapo Kant, kwa haki kabisa, bado ana la kusema: asiyependa ndizi hawezi kushurutishwa na kemia aimalize glasi yake.