Kumwita Koyote kwa Kilio cha Mtoto

Majira ya baridi yanapoingia katika nyanda za Wyoming, Montana na Dakota, wawindaji wa koyote huketi kwenye theluji wakiwa wamevaa nguo nyeupe, bunduki magotini, upepo ukiwapiga usoni ili harufu yao isitangulie. Mbele yao wameweka spika ndogo inayoongozwa kwa rimoti. Wengine hupuliza filimbi ya mdomoni. Sauti inayotoka ni ya sungura anayelia kwa maumivu. Koyote, jamaa wa mbweha wetu, huisikia kutoka mbali, na kwa kuwa baridi imepunguza chakula, huifuata. Haji moja kwa moja. Huzunguka apate kunusa upepo unaotoka kwenye sauti, na hapo ndipo anapoonekana wazi juu ya weupe, akiwa na manyoya mazito kuliko majira mengine yote ya mwaka. Swali langu haligusi risasi inayofuata. Linagusa ile sauti: je, kuna udanganyifu ambao binadamu hana haki ya kumfanyia mnyama, hata pale anapokuwa na haki ya kumuua?

Wapo watakaosema udanganyifu wote ni mbaya, lakini hoja hiyo haisimami. Ingetubidi tukataze ndoana yenye chambo, mtego wa kamba na hata kujibanza kichakani. Qur'ani katika sura ya Maida inaruhusu kuwinda, nayo Biblia haimlaumu mwindaji kwa kuwinda tu. Koyote anayekifuata kilio cha sungura anakuja kuua. Yuko katika shughuli yake ya kila siku, shughuli ambayo yeye mwenyewe huifanya kwa kunyatia na kuvizia, na hatari imo ndani yake tangu zamani. Aliyemdanganya amemdanganya kwa njaa, na njaa ndiyo njia ambayo kila kiumbe anayewinda anaweza kunaswa nayo. Sioni dhuluma hapo.

Lakini spika ile ina sauti nyingine, ya mtoto wa koyote anayelia kwa uchungu, na hii ndiyo inayonisumbua. Januari na Februari ni msimu wa kupandana, kwa hiyo mara nyingi koyote hutembea wawili wawili. Mwindaji akimwangusha mmoja, mwenzake hutimua mbio. Hapo wawindaji wazoefu hubonyeza sauti ya mtoto bila kuchelewa. Yule aliyekuwa akikimbia husimama, hugeuka, na mara nyingine hurudi. Tutazame vizuri kinachotendeka. Mnyama huyu amesikia mlio wa bunduki na mwenzake ameanguka. Kila kilichomo mwilini mwake kinamwambia akimbie, na hakuna chakula kinachomngoja nyuma. Hata watoto wa mwaka huo hawajazaliwa, kwa kuwa huzaliwa majira ya kuchipua. Kinachomrudisha ni kilio tu.

Nitaambiwa kwamba hiyo ni silika, kwamba koyote hana huruma na nimemvika moyo wa binadamu. Pingamizi hili lilijibiwa karne ya 12 huko Misri na Musa bin Maimun, mwanafalsafa wa Kiyahudi, aliposema kwamba mapenzi ya mama kwa mwanawe hayatokani na kufikiri, na kwamba katika jambo hili mnyama na binadamu hawatofautiani. Sababu hiyohiyo aliitumia kueleza amri ya Kumbukumbu la Torati sura ya 22: ukikuta ndege amelalia makinda au mayai, waweza kuchukua makinda, lakini mama mwache aende zake. Kwa nini mama? Naielewa hivi: yeye ana mabawa, angeweza kuruka; anashikika kirahisi kwa sababu tu hataki kuwaacha. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, masahaba walichukua makinda mawili, mama yao akaja akipapatika juu yao, na Mtume akaamuru mama arudishiwe makinda yake. Dini zote mbili zinaruhusu kula nyama ya ndege, na hakuna iliyodai kwamba ndege ana akili. Hata hivyo zote mbili ziliweka mpaka mahali palepale, kwenye kifungo cha mzazi na mtoto. Ruhusa ya kuua haikuchukuliwa kuwa ruhusa ya kukitumia kifungo hicho.

Mfugaji wa kondoo ana hoja nzito zaidi. Nchini Marekani koyote ndiye mnyama anayeongoza kwa kuua kondoo, na hasara ile si ya kubuni. Atauliza: kama nina haki ya kumuua, yanahusu nini mambo ya sauti, naye akishakufa hajui alidanganywaje? Ila haki ya kulinda mifugo haijawahi kuhalalisha kila njia. Mwaka 1972 Rais Nixon alizuia sumu za kuulia wanyama walao nyama katika ardhi ya serikali ya shirikisho, ingawa wafugaji walikuwa na hasara hiyohiyo. Na kama kutojua kwa aliyekufa kungekuwa kipimo, tusingeweza kulaumu ukatili wowote unaoishia kwenye kifo.

Nakubali hali moja tu. Koyote aliyejeruhiwa na anayekimbia kwenda kufa polepole kwenye baridi, akisimamishwa kwa sauti hiyo apigwe risasi ya kummaliza, hajadhulumiwa. Sauti imemfupishia mateso. Kwa mzima anayekimbia kuokoa maisha yake, sioni udhuru.

Wala kutenganisha hila na hila si jambo geni kwa sheria za uwindaji. Tangu 1935 sheria ya shirikisho ya Marekani imekataza kuwavutia bata wa mwitu kwa kutumia bata hai, na sauti zilizorekodiwa nazo kwa kawaida haziruhusiwi katika uwindaji huo. Sababu ilikuwa kulinda idadi ya ndege, lakini bata wa kuchonga na filimbi ya mdomoni viliachwa, na uwindaji haukufa. Mwindaji wa koyote hana haja ya kungoja sheria ya namna hiyo. Anayo sauti ya sungura, anao upepo, anayo theluji. Ile ya mtoto aifute kwenye spika yake.