Moyo wa Aliye Juu



Tusomapo 1 Wafalme 12, twapenda kumcheka Rehoboamu. Watu walimwendea na ombi moja tu, kupunguziwa mzigo ambao Sulemani baba yake aliwatwika. Akataka siku tatu. Wazee waliomtumikia baba yake walimshauri awe mpole. Akawaacha, akawasikiliza vijana aliokua nao. Tufikirini: mtu aliyelelewa jumbani, asiyebeba jiwe hata siku moja, angeujuaje uzito wake? Akawajibu watu kwa ukali. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, akamtuma kwao Adoramu, yule yule msimamizi wa shokoa! Wakampiga kwa mawe hata akafa, naye mfalme akakimbilia gari lake. Makabila kumi yakaondoka, wala hayakurudi. Ufalme ule haukukosa mali wala askari.

Katika nchi yetu twakumbuka jambo jingine. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu watu waliokamatwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa, na wengine wakafa. Yeye hakuwapiga. Lakini waliopiga walikuwa chini yake, naye akakubali kubeba lawama. Kujiuzulu kwake hakukuwafufua waliokufa, na hilo tusilisahau. Hata hivyo, wakubwa wangapi wangemtafuta mdogo wa kumtwika? Mwaka 1985 mtu huyo akawa Rais wa Tanzania. Alikuwa Mwislamu, nasi Wakristo hatuoni haya kujifunza kwake.

Sasa tuje hapa kwetu Namanyere. Mahindi ya shukrani yaletwapo kanisani, mzee wa kanisa akiacha gunia moja lipokewe bila kuandikwa kwa kuwa ana haraka, kijana amsaidiaye amejifunza somo ambalo mahubiri hayataliondoa. Mwaka ujao hayataandikwa matano. Ndipo tunaposimama mbele na kuwalaumu Wakristo wote kwamba hawatoi. Sisi tuandikao haya tumelaumu hivyo zaidi ya mara moja.

Katika kuchagua wazee wa kanisa tumezoea kuuliza ni nani ajuaye kusema mbele ya watu, na nani mwenye pikipiki. Safari hii tuulize pia: huyu amewahi kubeba mzigo gani? Akikosea hukiri mwenyewe, au husema ni watoto? Walio nyumbani mwake wanajua, na majirani wanajua. Waulizeni kabla ya kuandika jina lake.