Uzi Uliolegea

Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, na hewa ya chumvi ya Unguja haizionei huruma. Usiku wa taarab mpigaji huzikaza kabla ya kupanda jukwaani. Ukifika wimbo wa tatu, mbili tatu zimeshalegea, na kila kidole kinapozipitia, sikio lenye mazoea linashtuka. Ukumbini hakuna anayejali. Akinamama wanainuka mmoja mmoja, noti juu mkononi, wanakwenda kwa madaha kumtunza mwimbaji, na kila noti ina anwani yake: huyu kapenda sauti, yule katunza ubeti unaomchoma mke mwenziwe aliyekaa meza ya pili. Pembeni yupo mwandishi wa kujitegemea, daftari juu ya goti. Hana mshahara, hulipwa kwa makala, tena ikichapwa. Na mpiga ganuni ni jirani yake, msikitini husali safu moja.

Aandike?

Katika Mji Mkongwe swali hilo lina uzito wa dini. Sura ya Hujurat, aya ya 12, inamfananisha msengenyaji na mla nyama ya nduguye aliyekufa. Mtume akafafanua kuwa ghiba ni kumtaja mwenzio kwa jambo analolichukia, hata kama analo kweli. Asipokuwa nalo, hiyo ni buhtani, kosa kubwa zaidi. Kwa hiyo mhakiki anayejitetea kwamba “lakini ni kweli” hajajitetea kitu. Ukweli ndio unaoifanya ghiba iwe ghiba.

Lakini wanavyuoni wa dini hiyo hiyo waliishi kwa uhakiki. Elimu ya Hadithi isingesimama bila kuwapima wapokezi: huyu mkweli, yule kumbukumbu yake dhaifu, yule mwongo asichukuliwe. Inasimuliwa kuwa Ahmad bin Hanbal, aliyefariki mwaka 855, aliambiwa na mcha Mungu mmoja aache kuwasengenya wenye elimu. Akajibu kuwa ile ni nasaha. Karne kadhaa baadaye Imamu Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, alitaja hali sita zinazoruhusu mtu kutajwa kwa aibu yake, na kuwaonya watu ni mojawapo. Je, aliyekata tiketi kwa jasho lake hastahili kuonywa? Hoja inavutia, ingawa isipakiwe mzigo usio wake. Hadithi ya uongo yaweza kupotosha umma mzima. Ganuni mbovu haijamtia mtu motoni.

Siti binti Saad anasaidia kuuona mpaka. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Wapinzani walimkejeli kwa sura na kwa asili yake, naye akawajibu kwa wimbo. Wale walikuwa wasengenyaji, hata kama walijiona wajuzi wa muziki, kwa sababu sura haimo ndani ya santuri. Aliyesikiliza akasema pumzi imekatika mahali fulani alizungumzia kitu ambacho Siti mwenyewe alikitoa kisikilizwe.

Mpaka huo unavurugika kwenye mipasho. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana maneno, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili, kumsema mtu ndiko kulikokuwa sanaa yenyewe. Mhakiki wa onyesho kama hilo anahakiki ghiba iliyotiwa vina na ngoma. Pengine awezalo ni kueleza jinsi ubeti ulivyofumwa hadi ukauma, na aliyelengwa amwache ukumbini.

Halafu kuna bahasha. Mwandalizi humwita mhakiki pembeni, “Chukua nauli, kaka,” na nauli yenyewe ingemfikisha mtu Dar na kumrudisha. Mtume alipomtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, alirudi akidai kwamba sehemu ya alivyoleta ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume akahoji mbele ya watu: angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingemfuata? Mhakiki mwenye kodi ya nyumba mlangoni analijua jibu, na ndiyo maana swali linamkera. Filamu nazo hazimpi pa kujificha. Tamasha la ZIFF likionyesha Ngome Kongwe, mwongozaji huenda amekaa safu mbili nyuma yake.

Anyamaze basi? Aya ya 135 ya Sura ya Nisaa inawataka waumini washuhudie kwa uadilifu hata dhidi ya nafsi zao na wazazi wao. Kusifu kila onyesho ni ushahidi wa uongo, japo hakuna anayeapishwa. Siti alilijua hilo: wimbo wake wa Kijiti ulisimulia kesi ya mauaji ambamo mtuhumiwa alitoroka huku mashahidi wakitiwa hatiani. Kusema kulikuwa na gharama, naye akaiimba gharama hiyo.

Usiku wa manane mwandishi anaandika: ganuni ilishuka kuanzia wimbo wa tatu, fidla zikalazimika kuifuata. Anajua pia kwamba mpigaji amekesha siku mbili hospitalini na mtoto. Jambo hilo lingemwombea radhi kwa wasomaji, lakini amelijua kwa ujirani, halikusikika jukwaani, analikata. Sentensi ya ganuni anaisoma mara ya pili, anabadilisha “ilishuka vibaya” kuwa “ilishuka”, anatuma. Ijumaa watakuwa safu moja tena.